Hodi Tatu Ndani ya Kompyuta

Usiku wa jana niliota ndoto ninayoiandika kabla sijanywa chai, maana chai huwa inanifutia.

Kwanza niseme yaliyokuwapo kabla sijalala. Kompyuta yangu ya mezani ni kuukuu. Ukiiwasha, unaweza kuinjika maharage yakaiva. Ndani yake nimeandika majina ya watu walionilaza kwao katika miaka arobaini ya kuzunguka nchi hii, kila mmoja na ukurasa wake. Ukurasa mmoja ni wa Bi. Mwanaidi wa Kolo. Amefariki, na leo alasiri ni arobaini yake.

Binti yake, Zuhura, anakaa hapahapa Babati. Huniita mjomba, ingawa hatuna damu moja. Alinijia akasema, "Mjomba, mama hakuwahi kupigwa picha hata moja. Tulichonacho ni ule ukurasa wako. Usomwe watu wausikie."

Nikamwambia aje auchukue asubuhi ya siku yenyewe. Daftari nililoandikia mwanzo lililiwa na mchwa. Kichwa changu nacho kimeliwa kiasi.

Ili kompyuta ifunguke upesi, jana nilikwenda kwa fundi Kandege nikanunua ram mpya, kile kijiti bapa ambacho kompyuta hushikia mambo wakati inafanya kazi. Ya zamani nikamwachia yeye.

"Nije nikuwekee, mzee?"

"Nimefunga matairi ya lori Manyoni, mwanangu. Hiki ni kijiti tu."

Kijiti kilikuja kimeviringishwa nailoni nyembamba. Sikuitoa. Kwangu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ina yake, redio ina yake, viti viwili vya wageni vina zao tangu dukani, na vumbi la Babati halijawahi kuvigusa. Nikakisukuma hivyohivyo hadi kikakaa, nikafunga parafujo nne, nikabonyeza.

Pii, pii, pii. Kioo cheusi.

Nikazima, nikawasha, mara kumi na moja. Pii tatu, giza. Nikajilaza na viatu vyangu.

Ndotoni mlio ni uleule, ila sasa unasema maneno. "Hodi. Hodi. Hodi." Halafu nasikia malapa yanaondoka taratibu.

Nainuka kwenda kutazama. Ubavuni mwa kompyuta kuna mlango, na mlangoni kuna mlinzi. Ni ile betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta, mviringo kama kifungo, amevaa koti la kaki.

"Zima kwanza," anasema.

"Nimeshaizima."

"Nakuambia wewe. Humu haingii mtu akiwa amewaka."

Natafuta swichi yangu. Iko nyuma ya sikio, miaka yote niliidhani chunjua. Najizima. Sioni tofauti kubwa.

"Leo tarehe ngapi?" ananiuliza, kalamu mkononi.

"Kumi na nne Agosti."

"Ni tarehe moja Januari. Heri ya mwaka mpya."

"Na kwako pia." Sibishani na mtu aliye zamu.

"Sasa toa kimoja kimoja, tujue kinachozuia ni kipi."

Natoa miwani. Anatikisa kichwa. Natoa meno ya juu. Bado. Natoa goti la kushoto, lile lililobanwa na lori Manyoni. Nasimama vizuri kuliko mwanzo.

"Siyo hilo," anasema, "lakini liache hapa."

Ndani ni nyumba ya kupanga kama zile nilizokaa nyingi: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, mapazia milangoni. Tofauti ni kwamba sakafu ni ya kijani. Feni anafagia huku akizunguka palepale.

"Ndiyo wewe mwenye nyumba?" ananiuliza. "Umetuletea bubu."

"Nani bubu?"

"Muulize Bwana Prosesa. Usimguse, ana joto."

Bwana Prosesa amekaa kwenye mkeka, kapakwa dawa nyeupe utosini kama mtu anayeumwa kichwa. Ananisalimu kwa heshima, mikono miwili.

"Mzee, nikiamka kazi yangu ya kwanza ni kumpigia hodi mpangaji wa chumba cha pili. Akinikaribisha, naingia, nyumba yote inaamka. Huyu wako mpya hajibu. Nimepiga tatu."

"Ungepiga ya nne."

"Hodi ni tatu. Ya nne ni ya polisi."

"Basi sukuma pazia uingie. Leo kuna arobaini ya mtu."

"Niingie kwa mtu ambaye hakunikaribisha? Mimi nimelelewa, mzee."

Miaka arobaini nimeishi kwa sheria hiyohiyo. Kwenye milango mingi niliondoka baada ya hodi ya tatu, nikatafuta pa kulala kwingine.

"Yule wa zamani alikuwa anaitikia," Feni anasema. "Mzito, lakini mtu wa watu. Ukimuuliza jina analifuata kwa miguu, ila anarudi nalo."

"Wewe ndiye uliyemleta," Bwana Prosesa ananiambia. "Ingia umwone."

Mpangaji mpya ni kijana mrefu, bapa, mtanashati, mwenye meno ya dhahabu yasiyo na idadi. Amekaa wima kwenye kiti, na amefungwa nailoni kuanzia nyayo mpaka juu ya pua. Midomo inacheza humo ndani. Hakuna kinachotoka ila mvuke.

"Huko nje wanasema huna adabu," namwambia.

Ananionyesha mdomo wake.

"Nailoni hiyo ni kwa faida yako. Ukiivua utashika vumbi."

Anaanza kulia. Machozi hayana pa kutokea, yanajaa nailoni mpaka magotini. Namwambia asilie, maji na umeme havipatani. Anajitahidi.

Nageuka niondoke, na mlango siyo ule niliouingilia. Ni mlango wa mbao wa Kolo, mvua ya mwaka sabini na tisa, na mimi niko upande wa nje. Nina miaka thelathini na moja. Nimetembea tangu lori lilipozama kwenye tope. Nimevaa koti la plastiki, vifungo mpaka puani. Nina homa na sauti imekauka. Nataka kupiga hodi, hodi haitoki.

Mlango unafunguka. Bi. Mwanaidi anasimama na mwiko mkononi.

"Sikupiga hodi," najaribu kusema.

"Ungepigaje, umejifungasha kama mkate wa dukani?" Anafungua vifungo kimoja kimoja kwa mkono usio na mwiko. "Nani atajua una homa ukijifunika hivi?"

"Nazuia nguo zisilowe."

"Zimelowa jasho."

Ananikalisha jikoni, ananipa uji wa uwele. Nakunywa kijiko kimoja, siku ishirini na saba zinapita. Nimepona.

"Bi. Mwanaidi," namwambia, "umekufa."

"Najua. Nilikuwapo."

"Leo wanakusomea, na ukurasa wako umefungiwa ndani, kwa mwenzangu aliyefungwa nailoni."

"Uliandika nini?"

"Uji naukumbuka. Kuna jambo ulinifanyia asubuhi ya kuondoka, ukasema na neno. Niliandika. Limenitoka."

"Hata mimi limenitoka. Waliopita pale walikuwa wengi."

Nakusanya nguvu. "Niliahidi nitarudi kukushukuru. Sikurudi."

"Kila aliyelala pale aliahidi hivyo," anasema bila kinyongo, anakoroga chungu. "Wangerudi wote ningewaweka wapi? Umesema kuna mwenzio kafungwa. Yuko wapi?"

Tunapita nyuma ya jiko la Kolo, tunatokea chumba cha pili. Bi. Mwanaidi haulizi kitu. Anashika nailoni kwenye nyayo za mpangaji na kuivuta, nayo inalia kama kitu kinachokaangwa. Maji yanamwagika. Mpangaji anavuta pumzi. Bi. Mwanaidi anampangusa meno ya dhahabu kwa pindo la khanga, moja baada ya jingine, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Hii haitupwi," anasema, anaikunja nailoni. Anachana kipande, anatia chumvi kidogo kutoka pindoni mwake, anafunga fundo: mizunguko miwili, mkia ndani. Ananikabidhi. Nakipokea kwa mikono miwili.

Kutoka ukumbini inakuja sauti. "Hodi."

Mpangaji anasafisha koo. "Karibu," anasema, kwa sauti nzito ambayo haijawahi kutumika. Taa zote za nyumba zinawaka kwa pamoja, na Feni anasema haya, kumekucha.

Nikaamka. "Hodi" ya pili ilikuwa mlangoni kwangu.

"Karibu, karibu," nikaitika, isije ikafika ya tatu.

Zuhura akaingia na kikapu chake. "Shikamoo, mjomba. Siku hizi unalala na viatu?"

"Marahaba. Nilikuwa safarini."

Nikainuka bila kushika ukuta, goti la kushoto halikuniuma. Nikaitazama kompyuta. Parafujo zote nne zilikuwa mahali pake, kama nilivyozikaza. Nikabonyeza.

Pii moja.

Kioo kikawaka. Pembeni saa ilisema ni tarehe moja Januari. Ukurasa wa Bi. Mwanaidi ulifunguka kabla sijapata miwani, kwa hiyo akausoma Zuhura, kwa sauti: lori, tope, koti, uji, siku ishirini na saba. Alipofika mwisho akapunguza mwendo.

"'Asubuhi ya kuondoka alinifungia chumvi kwenye nailoni. Akasema, popote utakapolala, uwe na cha kutia chunguni, usikae kama mgeni.'"

Ndilo neno lililokuwa limenitoka.

Halafu akautazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa bado nimeukunja tangu kuamka, na sikuwa nimejua. Akanifungua vidole, akachukua kile kifundo cha nailoni kilichokuwamo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mjomba, hili fundo kakufundisha nani?"

Nikasogea dirishani nilione nami.

"Mkia ndani," akasema taratibu. "Mama alikuwa anatufungia hivi karanga za shule."

Akatafuta pa kukaa. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikashika nailoni ya kiti cha wageni kwenye pembe, nikaivuta mpaka ikatoka yote, ndipo nikamkaribisha.