Ukurasa wa Kumi na Saba

Kunja, bana kwa ukucha, sukuma. Kunja, bana, sukuma. Tangu asubuhi mkunjaji alikuwa na karatasi ile ile ya kitabu cha watoto, kitabu cha picha kuhusu vitu na waliovibuni. Sehemu yake iliishia ukurasa wa kumi na sita, penye mtoto anayekuna kichwa na swali: Je, kitabu nacho hutengenezwa na nani?

Jibu lilikunjwa kwenye meza ya dirishani. Ndivyo kazi ilivyogawanywa pale kiwandani, kila mwanamke na karatasi yake. Kurasa kumi na sita alishamsimulia binti yake zote, na kwa siku tatu mtoto hakumpa raha: "Mama, jibu?" Leo ilikuwa siku ya mwisho, kesho vitabu vinaondoka. Kununua dukani? Thubutu! Bei ile haikuwa ya mkunjaji.

"Shoga," alimnong'oneza mwenzake wa dirishani, "ukurasa wa kumi na saba unasemaje?"

"Wee! Nimekunja elfu mbili, hata mmoja sijausoma."

"Nyie!" msimamizi alifoka. "Hapa tunakunja, hatusomi!"

Kuchukua hata nakala iliyoharibika kulikuwa ni kufukuzwa kazi. Zilizoharibika zote zilikatwakatwa, na getini mlinzi alipekua mpaka vyombo vya chakula. Msimamizi alipogeuka, shoga alisogeza karatasi kwa kiwiko. "Soma upesi. Akija nitakohoa."

Mkunjaji akainama. Lilichorwa limashine la buluu, karatasi zinaingia huku, vitabu vinatoka kule. Kitabu hutengenezwa na mashine. Mtu hakuwepo hata mmoja. Akainua macho: wanawake thelathini pamoja naye, migongo imepinda, wanakunja. Akairudisha karatasi kwa shoga.

Jioni mlinzi alimpekua. "Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, kaka."

Nyumbani, binti alimdaka mlangoni. "Haya mama, ni nani?"

Alitaka kusema mashine, ulimi ukagoma. "Ni mimi. Na shoga yangu wa dirishani, na wenzetu ishirini na wanane."

"Mama! Wewe?" Mtoto akamshika vidole, akavichunguza kimoja kimoja, na wino uliokaukia kwenye kucha. "Kwa hiyo wamewachora?"

"Hawajatuchora."

Binti akafikiri. Kisha akachomoa penseli kwenye mkoba wa shule, akafungua daftari.

"Kaa hapo, usitikisike," alisema. "Mkikunja, mnaanza na mkono upi?"