Toroli Sita za Udongo

Jamani, hakuna neno jepesi kulitamka kama "chukua tu." Hamida alilitamka shambani kwake Mollo, na mpaka leo anatamani angelimeza.

Wiki moja kabla, Ambwene, bwana miti, alipita humo. Akaokota majani yenye mabaka mekundu, akatikisa kichwa. "Mama Amin, mipaini yako imeingiwa na ugonjwa wa fangasi. Kata hii ishirini ya pembeni, uichome hapahapa. Na udongo wa chini yake usitoke, una majani yenye ugonjwa. Ukiwahi, mingine itanusurika."

"Sawa, baba," alisema Hamida. Sawa ya mdomoni hiyo! Ile ishirini aliipanda marehemu mumewe kwa mikono yake, mwaka waliofungua duka lao kule Chanji. Leo aiangushe? Akajipa siku mbili tatu. Wala hakumwambia mtu, maana watu wana midomo. Kesho ungesikia shamba la Mama Amin limelogwa.

Ndipo akaja jirani yake Cornelia na toroli. Kila mwaka Cornelia huchota hapo udongo wa kuchanganya kwenye viriba, vile vifuko vya miche, vya kitalu chake. Mwenye kitalu yeyote atakwambia: mche wa mpaini usipoonja udongo wa mipaini mikubwa, unadumaa.

"Hodi, Mama Amin! Nimekuja na mazoea yangu."

Kumkatalia kulitaka sababu, na sababu yenyewe ilimtia aibu. "Chukua tu, jirani."

Toroli sita. Kila moja ilipoondoka Hamida alijiambia, akirudi namwambia. Cornelia akirudi, anamuuliza habari za watoto.

Mwezi uliofuata aliikata ile ishirini, akaichoma huku analia. Mingine ikapona kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Ila hiki kifo kilipita kwake kikaenda kwa jirani.

Januari, wakati wa kupanda, habari zikamfikia: kitalu cha Cornelia chote mabaka mekundu, miche elfu tatu, na Ambwene ameamuru ichomwe. Hamida akaenda mbio. Alimkuta Cornelia kando ya moto, macho yamemvimba.

"Sijui nimekosea wapi, Mama Amin. Labda nilimwagilia sana."

Roho ilimuuma Hamida asiweze kuvumilia tena. Akamwambia yote: majani, onyo la Ambwene, siku ya toroli. "Nilijua, dada. Nilijua nikanyamaza. Nisamehe."

Cornelia aliuacha moto. Alizunguka nyuma ya kitalu, akarudi na beseni lenye miche ishirini, mirefu kuliko yote, kila kiriba kimefungwa uzi mwekundu.

"Nilikuchagulia wewe," alisema. "Nilipoona umekata ya marehemu, nikasema mwenzangu asikae na pengo."

Hamida akainama kutazama. Mabaka yalikuwa yameanza.

Cornelia akamwekea beseni mikononi. "Hii ichome wewe."