Mlango wa Ghala la Asali

Siku za kunusa, Zaibunnisa hakula kitunguu wala hakutafuna tambuu. Alikunywa chai isiyo na iliki, akajitanda mtandio uliofuliwa kwa maji matupu, akatembea hadi kiwanda cha manukato cha Girdharilal, nyuma ya soko la waridi, hapo mjini Kannauj, India. Tangu afiwe na mumewe, pua ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Waliomjua walisema anaweza kunusa maji ya mvua akakuambia yamepita juu ya paa la nani. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyeliona kuwa kubwa.

Chumba cha kunusia kilikuwa ghorofani. Feni ilizimwa ili isivuruge harufu, kwa hiyo wote walilowa jasho kimyakimya. Wanusaji walikuwa watatu: Zaibunnisa, mzee Awasthi, mkemia mstaafu mwenye kitambi kinachotangulia mlangoni, na Tarini, binti aliyeletwa kutoka Delhi kwa sababu alijua wanachokipenda matajiri wa huko.

Girdharilal aliweka mezani chupa nzito yenye kifuniko cha dhahabu.

"Hii si ya kupaka harusini halafu ukasahau," alisema. "Hii inakwenda Dubai, inakwenda Paris. Tumbaku tamu na asali. Niambieni ukweli. Msinivike kilemba cha ukoka."

Walichovya vijikaratasi vyao, wakavipungia hewani kidogo, wakanusa.

Kwanza Zaibunnisa alikutana na asali ya maua ya haradali, nzito, yenye ukali mdogo kwenye koo. Nyuma yake ikaja tumbaku ya Kaimganj, iliyokaushwa mpaka ikanukia zabibu kavu na ngozi ya kiatu kipya. Chini kabisa palikuwa na sandali. Ilikuwa kazi nzuri. Alisubiri manukato yafunguke zaidi, na yalipofunguka akakumbuka kwamba hakumwachia Binni chakula.

Alikunja uso. Hakuwa na mtoto. Hakumjua mtu yeyote aitwaye Binni.

Mzee Awasthi aliweka kikaratasi chake mezani. "Nani amemchana Binni leo?"

"Nilimwambia nitamchana nikirudi," Tarini alijibu, kisha akajitazama mikono kama aliyeazima mikono ya mtu.

"Binni ndiye nani?" aliuliza Girdharilal.

"Mtoto," alisema Awasthi. "Anaogopa mbuzi."

"Vizuri. Na tumbaku je, imezidi?"

Walishauriana. Tumbaku haikuzidi.

Girdharilal alijinusia mwenyewe, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Mimi napata tumbaku na asali tu," alisema. "Safi kabisa." Wakapitisha.

Zaibunnisa alipotoka alikuta kiganja chake cha kulia kimevimba na kinauma, kama aliyekuwa akigonga mbao. Alikusudia kwenda kwake, karibu na msikiti, lakini miguu ilikata kushoto. Ilivuka reli, ikapita mashine ya kusaga, ikaingia uchochoro ambao hakuwahi kuukanyaga, ikainua hatua penye jiwe lililolegea kabla macho hayajaliona. Akasimama mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu.

Mzee Awasthi alikuwa ameshafika. Amekaa kibarazani kwenye kigoda kisichomtosha, anamenya viazi.

Mwenye nyumba alikuwa Baldev, muuza karanga, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole. Mkewe Sukhdei alikuwa akiloweka majani ya tumbaku kwenye asali katika ghala la Girdharilal. Alikuwa amefariki mwezi wa joto kali.

"Karibu, dada," alisema Baldev. "Wewe nawe umenusa?"

"Nimenusa."

"Kaa basi. Mzee amekuwahi jikoni. Anakata viazi vinene kama matofali. Marehemu angemcheka."

"Nakata anavyokata yeye," alisema Awasthi kwa uchungu kidogo.

"Yeye alikata vyembamba, mzee. Vitambi vyenu havijafanana, na visu vyenu vivyo hivyo."

Mtoto mmoja wa kike alitokeza nyuma ya pazia, nywele zimetimka. Alimtazama Zaibunnisa kuanzia viatuni hadi kwenye mtandio.

"Baba, huyu naye ni mama?"

"Kidogo," alisema Baldev.

Mtoto alilikubali jibu hilo. Akageuka, akakaa chini, akatoa kichwa. Zaibunnisa alinyoosha mkono juu ya kizingiti cha juu cha mlango, akashusha kopo la bati, na humo kulikuwa na kitana cha mbao, kama alivyojua kingekuwamo. Akamchana. Vidole vyake vilijua mahali nywele zilipokuwa na ukaidi wake, nyuma ya sikio la kushoto. Kwa miaka mingi aliyokaa na mumewe alikuwa ameomba mtoto, akaweka nadhiri kwenye makaburi ya watakatifu, akanyamaza. Sasa furaha ilimpanda kifuani, na asijue kama ni yake au ya marehemu. Aliona haya, kama aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. Lakini hakukiweka kitana chini.

Tarini alifika wakati chakula kinapakuliwa. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akapewa sahani.

Walipomaliza kula Baldev alimtuma Binni akachezee uani. Kisha akasema, "Ninyi mnakumbuka. Basi niambieni. Msimamizi wa ghala alinijia hapa akasema mke wangu alijisikia vibaya, akatoka kazini kwa miguu yake, akaangukia njiani. Ndivyo?"

Awasthi alianza kuchunguza kucha zake. Tarini akamtazama Zaibunnisa.

"Hakutoka," alisema Zaibunnisa.

Akamweleza. Ghala lilifungwa kwa komeo la nje kila asubuhi, ili upepo usikaushe asali na wanawake wasitoke na kopo la asali chini ya sari. Siku ile wenzake Sukhdei walikuwa wameruhusiwa kwenda kula, naye akabaki kugeuza majani. Joto lilipanda. Mvuke wa tumbaku ukamlevya, akatapika kwenye beseni, akaenda mlangoni. Alipiga kwa upawa wa shaba mpaka mpini ukavunjika. Akapiga kwa kiganja. Msimamizi naye alikuwa amekwenda kula.

"Aliniita?"

"Alikuita wewe. Akamwita Binni. Halafu akamwita msimamizi, kwa adabu sana. Alimwita baba. Alidhani labda akimwita kwa heshima atasikia."

Baldev aliinuka, akakusanya sahani, akaziosha zote, hata ambazo hazikutumika.

Kesho yake yeye na Zaibunnisa walikwenda kwa afisa mmoja wa upelelezi. Walimpelekea kichupa cha manukato yale. Afisa alijipaka kwenye kifundo cha mkono, akanusa, akawaagizia chai. Baada ya kitambo machozi yalimtoka bila sura yake kubadilika.

"Mtoto amekula?" aliuliza.

"Amekula, bwana mkubwa," alisema Baldev.

"Nashukuru." Alijifuta kwa leso. "Sasa tuje kwenye sheria. Bibi, ulikuwepo ghalani siku hiyo?"

"Nilikuwepo."

"Kwa mwili wako?"

Zaibunnisa alifikiri. Alitaka kusema ndiyo. Kiganja chake kilikuwa bado kimevimba.

"Kwa mwili wangu, hapana."

"Basi," alisema afisa kwa huzuni ya kweli. "Marehemu ndiye shahidi, na marehemu hawezi kuitwa. Na ninyi mliotumwa naye hamkuwepo." Kichupa alikibakiza. Aliuliza kama manukato hayo yataletwa pia Lucknow, maana mkewe angeyapenda.

Habari ilimfikia Girdharilal, kwa kuwa mjini humo habari huenda kwa harufu. Hakumfukuza Zaibunnisa. Alimwambia kwamba kila mtu ana huzuni zake, na kwamba pua nzuri huja na moyo mwepesi. Lakini fundi seremala alionekana akiling'oa komeo, na mlango wa ghala ukakaa wazi. Wanawake walioloweka majani walipata upepo. Hakuna aliyesema kwa nini.

Manukato yakatoka, na yakapendwa kupita kiasi. Watu waliyanunua Delhi na Dubai, wakashindwa kueleza walichokipenda. Walisema yana joto. Walisema yanakufanya uhisi kuna mtu anakusubiri nyumbani. Kwenye karamu mke wa waziri mmoja aliacha hotuba katikati, akauliza kama kuna aliyemwona mtoto wake. Hakuwa na mtoto mdogo, na wageni wakapiga makofi.

Kisha magari yakaanza kufika uchochoroni. Yalikuwa marefu, hayakuweza kukata kona, yakaegeshwa kwenye mashine ya kusaga. Wanawake wenye viatu vya visigino walivuka jiwe lililolegea bila kujikwaa, wakaingia kwa Baldev, wakanyoosha mkono juu ya kizingiti. Baldev aliwakaribisha wote kwa karanga. Wengine walilia, wengine walipika. Mmoja aligombana na Zaibunnisa juu ya chumvi ya dengu.

"Mimi ndiye ninayejua anavyopenda!" alisema yule mwanamke.

"Wewe umepaka matone mawili tu, bibi. Mimi nimenusa chupa ya kwanza."

Binni alikaa katikati yao. Kichwa kilimuuma kwa kuchanwa.

"Wanaondoka lini hawa mama?" alimnong'oneza baba yake.

"Harufu ikiisha."

Na kweli iliisha. Wanawake walirudi kwenye magari yao wakiwa wamechoka na kuchanganyikiwa, wakiuliza barabara ya kutokea. Waliorudi tena ni wale walionunua chupa nyingine. Zaibunnisa hakununua wala hakupaka, lakini kwake haikuisha. Asubuhi nyingine aliamka akawa hakumbuki ni mume yupi aliyemfia.

Majani aliyokuwa akigeuza Sukhdei siku ile yalipokwisha, Girdharilal alitengeneza manukato kwa majani mengine. Tumbaku ileile, asali ileile, vyungu vilevile. Alimwalika mnunuzi wa kutoka Dubai, mtu mtulivu mwenye kalamu mfukoni, akawaita wanusaji watatu. Feni ikazimwa.

Walinusa. Ilikuwa tumbaku tamu na asali, na sandali chini yake. Walisubiri ifunguke. Ilifunguka vizuri, ikanukia vizuri, ikaishia hapo.

"Hii imekufa," alisema mnunuzi.

"Viungo ni vilevile!" Girdharilal aliapa kwa vichwa vya wanawe. "Mzee Awasthi, nini kimepungua?"

Awasthi alikohoa. Alisema huenda ni nyuki wa mwaka huu. Tarini alisema hajui, na sauti yake ilionyesha anajua.

"Dada Zaibun?"

Zaibunnisa alikuwa ameingoja siku kama hii. Alikuwa amepanga maneno yake akiwa anapika, akiwa anaswali, akiwa anamsuka mtoto wa watu. Alisimama ili mgeni amsikie vizuri.

"Kilichopungua ni mlango, tajiri. Mlango ulikuwa umefungwa. Sukhdei alikuwa ndani, anakufa kwa mvuke, anaita, na hakuna aliyemfungulia. Aliingia kwenye yale majani. Hilo ndilo watu wanalolinusa. Sasa mlango uko wazi, na hakuna kitu ndani."

Jasho liliwateremka. Mnunuzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi.

"Ndiyo," alisema. "Ni hilo hasa."

Girdharilal alimshika Zaibunnisa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na shukrani, tena shukrani isiyo na hila.

"Mungu akuzidishie pua, dada yangu." Kisha akatoa kichwa dirishani. "Fundi! Lile komeo uliliweka wapi?"

Zaibunnisa alisema kwamba hakumaanisha hivyo. Alilisema mara nyingi, kwa lugha zote alizozijua, na wote walimsikiliza kwa heshima. Awasthi alimpa maji.

Aliposhuka uani fundi alikuwa akikaza msumari wa mwisho. Wanawake walikuwa wameshaingia na mabeseni yao. Msimamizi alisukuma komeo, akakaa kwenye kiti chake kivulini, akamsalimia. Zaibunnisa aliomba afunguliwe. Msimamizi alijibu kwa upole kwamba hana amri hiyo. Basi akaweka kiganja chake kwenye mbao, zilizokuwa zimeanza kupata moto, na akagonga. Mtu akajibu kwa kugonga, polepole, mahali hapohapo, na Zaibunnisa akasimama akisikiliza, asijue yuko upande gani wa mlango.