Nyoka Juu ya Tanuri

Saa tatu asubuhi, tarehe mosi Mei, kipimajoto kilichokuwa juu ya meza yangu uwanjani kilisoma nyuzi saba. Usiku theluji ilikuwa imeanguka tena kwenye vilele vilivyo juu ya kijiji, na upepo ulioteremka kutoka huko ulipeperusha pembe za kitambaa cheupe nilichokuwa nimekitandika. Washika nyoka walijipanga mbele yangu, kila mmoja na mfuko wake wa kitani ndani ya koti, kama mtu anayeficha mkate. Baba yangu, Nazzareno, alikuwa wa nne. Mfuko wake peke yake ndio uliokuwa ukitikisika.

"Mwaka huu umetuletea nini, Nazzareno?" Berardo alimchokoza kutoka nyuma yake. "Maana mwaka jana tulimvalisha Mtakatifu mkanda wa suruali yako."

"Huyu wa leo utamfukuza mpaka mtoni," Baba alijibu bila kugeuka. "Na kwa tumbo hilo hutamfikia."

Watu walicheka, naye akacheka. Tangu Mama afariki sikuwa nimemsikia akicheka mbele za watu.

Kwetu, theluji inapoanza kuyeyuka, washika nyoka hupanda miteremko kuwatafuta nyoka wanaotoka mashimoni. Wanayemtaka hasa ni yule wa kahawia mwenye mistari minne mgongoni, mrefu kuliko mtu, asiye na sumu wala hasira. Humtunza nyumbani kwa majuma kadhaa hadi sikukuu. Siku hiyo sanamu ya Mtakatifu hutolewa kanisani, huvalishwa nyoka shingoni na mabegani, kisha hubebwa mitaani. Baadaye kila nyoka hurudishwa pale pale alipookotwa. Anayemweka nyoka wa kwanza ni mshika nyoka aliyefikiwa na zamu, na zamu ni ndefu. Ya Baba ilimfikia mwaka huo, akiwa na miaka sabini na sita. Haiji mara mbili.

Mimi nilisomea udaktari wa wanyama mjini, na wagonjwa wangu wengi ni nyoka na kobe wanaofugwa majumbani. Mkoa unairuhusu sikukuu yetu kwa sharti moja, kwamba kila nyoka apimwe: uzito, kinywa, ngozi, joto la mwili. Nyoka mwenye kasoro huondolewa, na aliyemleta haandamani siku hiyo. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Mwaka uliotangulia kulikuwa na baridi kama hii. Nyoka wa Baba alilala begani mwa sanamu kama kamba iliyoloa, kisha akateleza, akaanguka juu ya mawe. Watu waliguna, nyoka asiyetembea juu ya Mtakatifu hawampendi, husema mwaka utakuwa mbaya. Nilitaka kuwatoa hofu. Nilisema kwa sauti, pale pale kwenye ngazi za kanisa: "Si ishara ya kitu. Ana baridi tu. Stoo ya Baba ni kaburi." Ilikuwa kweli, stoo ile ya chini haikuwahi kuzidi nyuzi kumi. Lakini neno kaburi lilibaki kijijini majira yote ya baridi. Baba akipita mbele ya mkahawa waliita: "Nazzareno, marehemu wako hajambo?" Krismasi nilimletea kipimajoto kizuri. "Ishirini na nne, Baba," nilimwambia. "Isishuke hapo." Aliirudia namba hiyo mara mbili, kama mtu anayetumwa dukani.

Sasa alikuwa amefika mezani kwangu. Aliufungua mfuko, na nyoka akamwagika kwenye kitambaa, akapinda, akanyanyuka, akatupa kichwa huku na huko. Wageni waliokuja kutazama walishangilia. Mtu mmoja alipiga makofi.

"Mpime, Loreta," Baba alisema. "Mwone alivyo na nguvu."

Nilielekeza kifaa cha kupimia joto ubavuni mwa nyoka. Nyoka watatu waliotangulia walikuwa na nyuzi kumi na tano au kumi na sita, joto walilolipata vifuani mwa wenyewe. Huyu alikuwa na thelathini na sita. Nilipima tena, ikawa vile vile. Nikamgeuza taratibu. Magamba ya tumboni, ambayo hupaswa kuwa na rangi ya maziwa, yalikuwa mekundu kwa urefu wa mkono, na katikati yalikuwa yameinuka kwa malengelenge.

"Baba, huyu umemweka wapi?"

Aliinama ili asikike na mimi tu. "Juu ya tanuri, kuanzia alfajiri, baada ya kutoa mikate ya sikukuu. Pale tunapowaweka wana-kondoo."

Kila nyumba ya wafugaji huku hufanya hivyo. Mwana-kondoo akizaliwa wakati theluji inaanguka, hutiwa ndani ya sanduku, na sanduku huwekwa juu ya mgongo wa tanuri mpaka asimame. Baba amewaokoa wengi hivyo, na mmoja wao ndiye aliyenilipia mwaka wangu wa kwanza chuoni. Lakini mwana-kondoo akizidiwa na joto hulia na kujikokota. Nyoka hasikii vizuri moto unaotoka chini ya tumbo lake. Hulala juu yake. Ndiyo sababu pahali pa kumfugia huwa na pande mbili, mmoja wa nyuzi ishirini na nane au thelathini, mwingine wa ishirini na mbili, ili aamue mwenyewe aende wapi. Ndani ya sanduku la Baba palikuwa na upande mmoja tu.

"Juu ya tanuri?" nilisema.

Sikukusudia kumtangaza. Hiyo ilikuwa sauti yangu ya kazini, ninayoitumia kwa wanafunzi, na uwanja ulikuwa umenyamaza ukingoja matokeo.

"Jamani, Nazzareno kaoka nyoka!" mtu aliita kutoka kwenye ngazi.

"Kampaka mafuta kwanza?"

"Na chumvi?"

Kicheko kilizunguka uwanja mzima, wenyeji kwanza, kisha wageni walipotafsiriwa maneno hayo. Baba alisimama mikono ikining'inia. Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Lakini kipimajoto chako kilisoma ishirini na nne," aliniambia. "Nilikitazama kila mara. Ishirini na nne kamili, kama ulivyosema."

Nilimwuliza alikuwa amekitundika wapi. Ukutani, alisema, kando ya dirisha la jikoni.

Ningeweza kusema nyoka amechoka na kumrudisha mfukoni bila maelezo. Wazo hilo lilinijia baadaye, na sina uhakika lingekuwa la haki kwa wale wengine. Nilichofanya ni kusoma matokeo kama nilivyosoma ya wote: joto limezidi, ngozi imeungua, nyoka ameondolewa. Nilimlaza kwenye sanduku lenye kitambaa chenye unyevu. Baba alisikiliza mpaka neno la mwisho, kofia mkononi.

Berardo ndiye pekee ambaye hakuwa amecheka. Alisogea, akamnyooshea Baba mfuko wake. "Chukua wangu, ndugu yangu. Zamu ni yako. Nani atajua?"

"Kila mtu anajua," Baba alisema. "Wewe unafuata. Nenda kamweke."

Bendi ilianza. Berardo alimweka nyoka wa kwanza. Katika miaka yangu yote mezani hapo sikuwahi kuacha kuitazama sanamu ikitoka, ila siku hiyo niliitazama mizani.

Jioni nilimkuta Baba jikoni. Mikate ya sikukuu ilikuwa mezani, haijakatwa. Kipimajoto kilikuwa bado ukutani.

"Atapona?" aliuliza.

"Nafikiri atapona. Itachukua muda."

"Kupima ulipima sawa." Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Ila mimi nilikunong'oneza, mwanangu."

Jibu nililokuwa nalo ni maelezo kuhusu mawe ya tanuri na hewa ya jikoni, kwamba ukuta unaweza kusoma ishirini na nne huku sakafu ya sanduku ikichoma. Nilipaswa kumpa maelezo hayo Krismasi. Nilimpa namba.

Nyoka nilimtunza mjini, kwangu, karatasi safi chini yake, dawa kila siku, upande wa joto na upande wa baridi. Alijivua gamba mara mbili. Mara ya pili magamba mapya yalitokea, hayakunyooka vizuri, lakini yalikuwa yamefunga. Mwisho wa Agosti nilimrudisha kijijini. Mahali alipookotwa palijulikana na Baba tu, hivyo tulipanda pamoja, yeye mbele na mfuko kifuani, mimi nyuma.

Kwenye mteremko wa mawe alisimama. Aliinama, akaweka kiganja juu ya jiwe lililokuwa juani, akakiacha hapo kwa muda.

"Hili hapana," alisema.

Alishuka hatua chache, akagusa jingine, kisha la tatu, lililokuwa nusu juani na nusu chini ya kichaka. Hapo kiganja chake kilikaa muda mrefu zaidi, upande wa jua kwanza, halafu upande wa kivuli. Ndipo alipoufungua mfuko. Nyoka alitoa kichwa, akauonja upepo kwa ulimi, akateremka juu ya mkono wa Baba bila haraka, akaingia chini ya jiwe kwa upande wa kivuli. Mkia ndio uliopotea mwisho.