Wageni wa Bibi Biubwa

Maboksi matupu yalikuwa yamepangwa nyuma ya gari, na Faudhia alijitahidi asiyatazame. Mjomba wake Bilali aliyatoa dukani kwake, kule Sofu, asubuhi ile.

"Wageni wako nitawaendesha," alimwambia. "Lakini jioni tunarudi na mama. Nyumba ile imemshinda. Haongei, chakula anagusagusa tu. Akae kwangu, nimwone."

"Mjomba, nipe siku ya leo. Nyumba ikipata watu wa kuingia na kutoka, Bibi atachangamka."

"Na asipochangamka?"

"Nitamfungia mizigo mwenyewe."

Faudhia alimaliza chuo mwaka jana, akiwa amesomea utalii. Wageni wengi wanaofika Pwani hupelekwa Bagamoyo, na ni haki yake Bagamoyo, mji ule ni mzuri na una mengi ya kusimulia. Lakini yeye aliamini Kisarawe nayo inafaa kutazamwa. Safari aliyoipanga ilikuwa na msitu, kanisa kongwe la wamisionari, na kilima ambacho ukisimama juu yake jua likiwaka unayaona maghorofa ya Dar es Salaam kwa mbali. Mwisho wake ulikuwa chai kwenye nyumba aliyoijenga babu yake, marehemu Mzee Zahoro.

Wageni wake wa kwanza waliwachukua kituoni Kwa Mathias. Mzee Sospeter na mkewe Laurentia walikuwa walimu wastaafu, wametoka Tabora kuja kumwona mjukuu aliyezaliwa Visiga. Walikuwa watu wa vicheko. Kanisani Mzee Sospeter aliimba kidogo ili asikie sauti inavyorudi, na kule kilimani mkewe alimpiga picha nyingi, zote zikamkata kichwa.

Walipokaribia kwa Bibi, Faudhia aligeuka kwenye kiti chake.

"Samahani wazee wangu. Bibi yangu alifiwa na mume, na eda imekwisha juzijuzi tu. Naomba tukifika pale tuongee polepole, tusifanye mzaha."

Mzee Sospeter alimtazama mkewe. Mkewe akainua mabega.

"Sawa, mwanangu," alisema mzee. "Mwenye safari ni wewe."

Bibi Biubwa aliwapokea kwa adabu, akaitikia shikamoo zao, kisha akanyamaza. Wageni wakakaa wima kwenye viti, mikono mapajani. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia kofia ya babu. Chai ikapoa. Faudhia akaanza kueleza jinsi nyumba ilivyojengwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo. Bilali alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Poleni sana na msiba, mama," alisema Mzee Sospeter.

"Tumeshapoa." Bibi akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Kwenu wapi, baba?"

"Tabora. Sikonge."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi mtupu."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mnyamwezi unaingia nyumba ya Mzaramo aliyefiwa, unakaa kama unangoja kuungama? Umeugua?"

"Tumekatazwa! Mjukuu wako huyu katuambia tusifanye mzaha."

"Faudhia!" Bibi alimgeukia. "Umewakataza watani?"

Faudhia alijua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tena alilisomea jambo hilo akalijibia mtihani. Lakini walipomwambia wanatoka Tabora, aliandika tu jina la mji akaendelea na ratiba.

"Babu yako tulimzika mvua inanyesha, haraka haraka," Bibi alisema. "Mtani hata mmoja hakuwepo. Nani angemwigiza na kumsema?"

Mzee Sospeter alikuwa ameshasimama. Akaitungua kofia, akaivaa, akajishika kiuno katikati ya chumba.

"Jamani, mimi ndiye Zahoro! Kufa sijafa. Nimesikia ngoma ng'ambo nikatupa jembe!"

"Mume wangu usimtukane, mpagazi wee! Babu zako wamepita hapa na mizigo kichwani, hata kupumzika hawajui!"

"Tungepumzikaje na Wazaramo mmelala njia nzima?"

Akaanza kutembea kwa maringo. Bibi akapiga paja.

"Siyo hivyo! Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Na mkono mmoja nyuma. Nyuma, siyo hapo! Akifika mlangoni anakohoa, ili nijue amerudi."

Mzee Sospeter akaburuta mguu mpaka mlangoni. Akakohoa.

Bibi akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio akacheka tena. Bilali aligeukia nje, mgongo ukimtikisika. Laurentia naye alishaingia jikoni bila kuomba ruhusa, akarudi na sufuria ya mihogo ya nazi, akamsogezea Bibi sahani.

"Kula, mjane wa Kizaramo. Sisi hatuna nauli ya kuja kwenye msiba wa pili."

Bibi akala. Alikula huku akisimulia, mdomo umejaa, jinsi Zahoro alivyomposa akakataliwa, akarudi.

Jua lilipoinama aliwasindikiza hadi kwenye gari. Bilali akafungua nyuma, na Bibi akayaona maboksi.

"Ya nini haya?"

Faudhia alimtazama mjomba wake.

"Ya kubebea, mama," Bilali alisema taratibu.

"Umefanya vizuri. Wapagazi wa siku hizi wanakuja mikono mitupu." Bibi akaagiza aletewe machungwa, na mihogo, na fenesi moja kubwa, akapanga mwenyewe mpaka maboksi yote yakajaa. "Mkirudi mniletee asali ya kwenu. Kama hamtailamba yote njiani."

Njia nzima gari lilinukia fenesi. Wageni walisinzia huko nyuma, wameegemeana.

"Jumamosi ijayo una wageni?" Bilali aliuliza.

"Bado sijapata, mjomba."

"Tafuta," alisema. "Gari lipo."