Kinyonga wa Duka la Rangi

Mjukuu wangu alipata kazi ya kuwa kinyonga. Msicheke, kazi ni kazi. Duka la rangi lilikuwa limefunguliwa karibu na kituo cha mafuta, na mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti ya kupenya ukuta, alitaka kinyonga wa kucheza mlangoni ili wapita njia wasimame. Vazi lilikuwa la kijani mpaka miguuni. Kichwa ndicho kilichokuwa na kazi: plastiki ngumu kama helmeti ya pikipiki, kinammeza mtu mpaka mabegani. Yale macho makubwa yaliyotokeza huku na huku yalikuwa ya kuchorwa tu. Mvaaji alionea mdomoni, kwenye kitundu chenye wavu mweusi, kidogo kuliko kiganja changu.

Sasa, mjukuu wangu haoni mbali. Bila miwani, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara kwake ni nguo iliyoanikwa. Na miwani haikuingia mle ndani. Siku ya kwanza aliiweka mfukoni akacheza kwa kukisia. Akamkuta fundi rangi aliyechongwa kwa mbao, amesimamishwa pale kama tangazo, akamshika mkono, akamsalimia, akamwuliza na habari za nyumbani. Watu walicheka, likapita. Siku iliyofuata alirusha teke la ngoma, likatua kwenye makopo yaliyopangwa. Kopo likafunguka, rangi ikamwagika mpaka kwenye viatu vya mteja.

"Jumamosi nakutazama mara ya mwisho," mwenye duka akamwambia. "Ukiangusha kitu tena, kichwa hicho anavaa mpwa wangu."

Alirudi nyumbani na hicho kichwa kwapani, macho mekundu. Kazi aliipenda, tena aliitafuta mpaka soli za viatu zikaisha.

"Mke mwenzangu," nikamwita, maana ndivyo tunavyotaniana, "nani kakunyang'anya mume?"

"Bibi, leo sina utani."

"Basi lete hilo lichwa nilione."

Ndani kulikuwa na sponji nene. Nikaipunguza kwa mkasi penye masikio, taratibu, navaa mwenyewe, navua, napunguza tena, mpaka mikono ya miwani ikapata nafasi. Akavaa. Akapumua mara kadhaa, akaanza kulalamika humo ndani.

"Naona mvuke mtupu! Niko ndani ya birika."

Nikapaka sabuni kavu kwenye vioo vya miwani, nikafuta kwa kitambaa mpaka isionekane, kama nilivyozoea kufanyia kioo cha bafuni nilipokuwa nafanya usafi kwenye nyumba za watu. Ikasaidia. Lakini akicheza kidogo tu, ukungu unarudi.

"Nikicheza napumua, nikipumua sioni," akasema, akaketi sakafuni na kichwa chake cha kijani, hata huruma huonei, unacheka.

"Umewahi kumwona kinyonga akitembea, wewe?"

"Kwenye simu."

Nikainuka, magoti yakilalamika, nikamwonyesha. Unainua mguu, unauacha hewani, unayumba mbele, unayumba nyuma, kisha unapapasa kwa ncha ya dole. Ukishajua kuna pa kukanyaga, ndipo uzito unaufuata.

"Bibi, si ndivyo unavyokwenda chooni!"

"Cheka. Sasa zamu yako."

Tulifanya mazoezi uani kila jioni. Nilipanga mabeseni na vigoda, naye akigeuka navihamisha. Mwanzoni beseni lililia mpaka jirani akauliza kama tunahama. Ilipofika Ijumaa, alikuwa anagusa beseni kwa dole na kulizunguka bila hata mlio.

Jumamosi nilikaa kwenye benchi nje ya duka. Mwenye duka alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mjukuu wangu alianza vizuri, anaona. Baadaye nikamwona anainamisha kichwa, anakigeuza upande, nikajua ukungu umeingia. Na hapo hapo fundi mmoja akatoka dukani na ngazi, akailaza chini mbele ya mlango, akaanza kubishana na mwenzake juu ya brashi.

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeapa sitapiga.

Mguu ukainuka. Ukayumba. Dole likagusa ngazi, likarudi kama limeungua. Likagusa tena, likatafuta nafasi katikati ya vidato, likatua. Mguu wa pili ukafuata, taratibu, na mkia unatikisika nyuma. Wale mafundi wakaacha kubishana. "Huyu kinyonga kweli, jamani!" Watu wakasimama, simu juu, na wengine wakaingia dukani kununua. Hakuna kilichoanguka.

Mwenye duka akamfuata. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa Bibi."

"Na humo ndani unaona nini?"

"Sasa hivi? Hamna kitu."

"Acha uongo! Lete hapa."

Akakivaa mwenyewe. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili, pu! akagonga fremu ya mlango.

"Mbona giza?" sauti yake ikatoka humo ndani, safari hii ndogo. "Mtu anafanyaje kazi humu?"

"Ndiyo nilikuwa najaribu kukuambia, mama," mjukuu wangu akasema.

"Kazi ni yako, mwanangu. Fundi atapanua huu mdomo. Lakini kwanza nitoeni!"

Tukamtoa, mimi nikivuta upande wa kushoto. Nywele zilikuwa zimesimama wima, jasho linamtoka, naye anacheka kuliko wateja wake.