Kipande cha Kuonja

Wacha niseme ukweli mapema: Florentine hakumwamini mtu. Mungu alimwamini, naam, tena sana. Aliimba kwaya Jumapili hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini binadamu? Thubutu! Na wa kwanza kati ya wasioaminika alikuwa Suzanne, wifi yake, waliyekaa naye nyumba moja hapo Baraka, mji wa Fizi kando ya ziwa, tangu Raphaël aende Misisi kuchimba dhahabu na vita vikafunga barabara nyuma yake. Raphaël alikuwa mume wa mmoja na kaka wa mwingine. Aliwaacha pamoja, akadhani amewaachia msaada.

Sababu Florentine alikuwa nazo. Wiki ya pili ya ndoa yake alianguka kifafa mbele ya wageni, na Suzanne, sufuria mkononi, akasema kwa sauti watu wakisikia, "Mbuzi zetu zimeenda, kumbe tumenunua ugonjwa!" Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Suzanne alikwisha kusahau. Florentine alikumbuka hata kitenge alichokuwa amevaa siku hiyo.

Sasa, katika mwaka wa pili wa vita, dawa za mwanzo zikiwa zimekwisha, mashua moja kutoka Kigoma ilivuka ziwa na katoni ya vidonge vya kifafa. Isidore, muuguzi wa kituo cha afya cha kanisa ambaye watu walimwita dokta na yeye hakukataa, akawaita wote wawili.

"Mama, hii dawa haiponyeshe," akamwambia Florentine. "Ni kama kufunga mulango. Kila magharibi unafunga. Hakuna mutu anasemaka, nilifunga jana, leo niache wazi."

"Hata niombe namna gani?"

"Omba, mama. Mi pia naombaka. Halafu nafunga mulango wangu."

Jibu hilo Florentine alilipenda. Kilichofuata hakukipenda hata kidogo. Isidore alichukua kopo lenye vidonge sitini, vya siku sitini, akamkabidhi Suzanne. Mwaka uliotangulia Florentine, kichwa kikiwa bado kizito baada ya kuanguka, alisahau kwamba amekunywa dawa, akanywa tena na tena, akalala siku mbili hadi bamama ba kanisa wakaanza kumlilia. Kwa hiyo dawa ishikwe na mkono mwingine. Mkono wa nani? Wa Suzanne! Moyo wa Florentine ukalia paa. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea nyuma ya wifi yake ili amwone vizuri.

Wewe usiyeijua Fizi, nikuambie kitu. Huku mtu hakupi kinywaji bila kuonja kwanza. Akileta pombe, maji, hata maziwa yaliyoteremka kutoka Bibokoboko milimani, yeye anakunywa tone mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Si matusi, ni adabu. Maneno ya sumu ni mengi, na anayeogopa si mjinga. Lakini kidonge? Sijasikia aliyeonja kidonge kabla ya jioni ile, kuku walipokuwa wanaingia bandani na Suzanne akaja na kikombe cha maji.

"Onja kwanza," Florentine akasema.

"Nionje dawa?"

"We njo unanipatia, we njo utaonja. Ao unaogopa?"

Suzanne alikitazama kile kidonge kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Florentine akaliona hilo, akaliweka moyoni. Kisha Suzanne akaking'ata pembeni, akakunja uso kwa uchungu wake, akameza. Florentine akapokea kilichobaki. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba, kila magharibi: kung'ata, kukunja uso, kupokea. Na kuonja si kula, kila mtu anajua.

Wiki ya tatu Florentine alianguka ziwani akifua, wenzake wakamvuta kutoka majini kwa kushika nguo tu, maana povu la kifafa watu huku hawaligusi. Wiki ya nne alianguka mara mbili. Jamani! Dawa anakunywa, maombi anaomba, na mlango u wazi! Nani anaufungua?

Akaanza kuchunguza. Akaona Suzanne anasinzia asubuhi penye kinu, mchi mkononi. Anasinzia kanisani. Siku moja aliunguza bukari, ugali wetu, mpaka jirani akaja kuuliza ni nini. "Anaonja kipande tu na analala hivi," Florentine akawaza. "Na mimi ninayekula yote?" Tena akaona jambo lililomtia baridi: kila magharibi, akishatoa dawa, Suzanne alizunguka nyuma ya nyumba, akaweka mkono juu ya utosi wake mwenyewe, akanong'ona. Florentine alitega sikio ukutani. Hakusikia kitu ila jina lake, Florentine, likitajwa mara mbili.

Ehe! Unafikiri alilala tena? Alifunga mlango wa chumba kwa kamba. Akaomba kwa zaburi zote zenye maadui alizozijua. Na tangu jioni iliyofuata akawa anaweka kidonge chini ya ulimi, anakunywa maji, anasubiri Suzanne ageuke, anakitema. Vidonge vinne, jioni nne. Akavifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Siku ya tano atavipeleka kwa Isidore, na Isidore atamwambia ni sumu gani, na Raphaël akirudi atajua dada yake ni mtu wa namna gani.

Siku ya tano bunduki zililia upande wa milimani tangu asubuhi, watu wakajifungia. Florentine hakuweza kutoka. Aliinama penye mafiga kuchochea moto, na Suzanne alikuwa amekaa kwenye kigoda, kidevu kifuani, amelala. Kitu cha mwisho Florentine alichokiona ni hicho kidevu.

Alipozinduka, ulimi wake ulikuwa na damu na nyumba ilinuka nywele zilizoungua. Kichwa chake kilikuwa juu ya mapaja ya Suzanne. Povu lilikuwa limefutwa kwa kitenge cha Suzanne mwenyewe. Na mkono wa kulia wa Suzanne, uliomvuta kutoka motoni, kuanzia vidole hadi kifundo, ulikuwa mwekundu, ngozi imejikunja. Unajua Florentine aliwaza nini kwanza? Naona haya kwa niaba yake, lakini nitasema. Aliwaza: amenisukuma.

Alasiri bunduki ziliponyamaza, jirani akamleta Isidore. Akaosha ule mkono, akaupaka mafuta yake, akaufunga. Suzanne hakulia, alisinzia akifungwa. Ndipo Florentine akafungua ncha ya kitenge.

"Dokta, angalia hii sumu. Naanguka kila juma. Na yeye mwenyewe analalaka, ameonja kidogo tu!"

Isidore alivipanga vidonge vinne kwenye sahani. Akachukua kopo, akatoa kizima, akakiweka kando yao. Vilikuwa vya namna moja, alama ile ile katikati. Ila vile vinne vilikosa pembe, kila kimoja, na alama za meno zilionekana wazi.

"Nani amekula hapa?"

"Ni kuonja," Florentine akasema. "Nilimuambia aonje."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Isidore alikaa chini. "Mama, hii si pombe. Hapa kimekosa robo. Kila magharibi unafunga mulango nusu, na hizi siku ine hukufunga kabisa. Na huyu anakula dawa yenye kuleta usingizi, mwili yake haiiombe. Ndiyo sababu analala." Akamgeukia Suzanne, na sasa sauti ilikuwa kali. "Na we, juu ya nini hukukuja kuniuliza?"

Suzanne alitazama bandeji yake. "Kama sionje, hameze. Mi namujua."

"Na nyuma ya nyumba?" Florentine akadakia. Hakuweza kujizuia. "Nilikusikia. Jina yangu inatafuta nini pale?"

Suzanne akasema polepole, kama mtu anayeona aibu. "Bazee balituambia, mutu mwenye kula dawa ya kifafa, kifafa kinahama kinamuingia. Sasa mi nilikuwa naambia Mungu: kama kinaniingia, kiingie polepole, mupaka Raphaël arudi. Ju mi nikianguka, Florentine akianguka, nani atamushika?"

Isidore akasema si kweli, kifafa hakihami hivyo. Alilisema mara mbili, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Florentine alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, analia kwa sauti.

Magharibi kuku wakaingia bandani. Suzanne akaja na kidonge katika mkono wa kushoto, na kwa mazoea akakipeleka menoni. Florentine akamshika kifundo.

"Acha. Leta kizima."

Shaka ilikuwepo bado, nisikudanganye. Shaka ya miaka tisa haifi jioni moja. Ilimwambia, kiangalie kwanza. Hakukiangalia. Alikimeza, akanywa maji, akasema amina.

Kisha akaleta bukari na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele ya wifi yake, maana mwenye mkono uliofungwa hawezi kukata tonge. Akakata moja, akachovya, na kwa adabu ya Fizi akalipeleka kwanza kwenye mdomo wake mwenyewe ili aonje.

"Wifi," Suzanne akasema. "Mi sijakuambia hata siku moja uonje."

Akafungua mdomo, akasubiri.